Kanisa Lenye Makaburi Mlangoni

Jangwani, Sumbawanga
14 Juni

Mdogo wangu Zenon,

Nakusalimu wewe na shemeji Monika, pamoja na wote hapo Laela. Je, goti lako limetulia, au baridi hii imeliamsha tena? Sisi hatujambo. Evodia wangu anakohoa kidogo asubuhi, ila sauti ya kunigombeza haijapungua. Mahindi yameingia ndani yakiwa makavu, na ulezi tumepata wa kutosha. Mungu ametukumbuka.

Nimeamua kuandika kwa sababu kwenye simu hunipi nafasi. Kila nikitaja harusi ya binti yako Edith, unasema mtandao unasumbua, na kweli unakatika palepale. Karatasi haikatiki. Kaa basi uisome hadi mwisho, na univumilie nikianza kufundisha. Miaka ya chaki haimtoki mtu upesi.

Ulisema kwamba mtoto aliyebatizwa Kaengesa hawezi kwenda kufungia ndoa Uingereza, katika nyumba ya Waanglikana, watu waliomkimbia Papa. Nimeziangalia picha za kanisa hilo, nami nakuambia kwamba nyumba ile haikumkimbia mtu. Ilijengwa yapata miaka mia nane iliyopita, na Waingereza walijitenga na Roma karibu miaka mia tatu baadaye. Kuta zake ni za mawe madogo magumu, yale yanayotoa cheche ukiyagonganisha, yameshikwa kwa chokaa. Madirisha yamechongoka juu kama viganja vya mtu anayesali. Juu hakuna dari. Unaona maboriti ya mwaloni yaliyochongwa kwa shoka, meusi kwa uzee. Evodia alipoona picha hiyo alisema humo ndani hata malaika lazima wavae makoti.

Sasa tazama upande wa kulia wa altare. Ukutani kuna kibakuli cha jiwe chenye tundu chini. Hapo padre alikuwa akimwaga maji aliyooshea kalisi, kile kikombe cha divai ya misa, ili yaingie ardhini wala yasikanyagwe. Kwa hiyo humo misa ilisomwa kwa Kilatini, kilekile ambacho mimi na wewe tulikiitikia tukiwa watumishi wa altare bila kujua tunasema nini. Wakubwa walipogombana, watu wa kijiji kile waliendelea kuingia kwa mlango uleule, kubatiza katika birika lilelile la jiwe, na kuzikana.

Ndiyo, wapo watakatifu wa mawe waliokatwa vichwa wakati wa ugomvi huo, na dada yetu Bertilla ameliona hilo kabla ya kuona kitu kingine chochote. Alisema nyumba iliyowakata vichwa wageni wa heshima namna hiyo, yeye hata uji haunywi humo. Nikamwonyesha ukuta unaotazamana na mlango. Ulipakwa chokaa zamani ili picha zifutike, na mafundi walipoibandua taratibu miaka ya karibuni, wakamkuta Mtakatifu Kristofa amesimama mtoni, Mtoto Yesu begani, samaki miguuni. Ile chokaa ilikuwa imemkinga na jua na moshi. Bertilla akasema haya, huyo angalau ana kichwa.

Kuhusu ruhusa, usihangaike. Edith ameipata kwa askofu wetu Mkatoliki wa huko anakofanya kazi ya uuguzi. Paroko wetu hapa ameisoma, na amesema Kanisa litaitambua ndoa hiyo. Naye Steven, mchumba wake, ni seremala. Babu zake wamezikwa pale pale nje ya kanisa.

Hapo ndipo tunapofika kwenye makaburi. Ulinicheka mimi kaka yako, ukauliza ati tunamwoza binti au tunamzika, maana bibi harusi atapita katikati ya misalaba ya mawe. Nilikueleza kwamba kwao ndivyo ilivyo: kanisa hulala katikati ya wafu wake, na anayekwenda kuoa hupita mbele ya mababu kama anayewaaga au kuwaamkia. Uliguna tu.

Lakini nimekulea, Zenon, nikakubeba mgongoni kutoka Msanzi mama alipougua. Najua mguno wako. Mara ya mwisho ulipozungumza na Edith hukumwuliza habari za Papa wala za Kilatini. Ulimwuliza: na ukifa, watakuzika hapo kwenye mawe? Kisha ukakata simu. Hiyo ndiyo hofu yako. Waanglikana umewasingizia tu.

Kwa hofu hiyo sina picha ya kukuonyesha. Sitakudanganya kwamba atarudi kuishi huku. Hakuna aliyeahidi hivyo. Ninachojua ni kwamba Edith amesema hatafunga ndoa hiyo bila neno lako. Steven naye ameridhia kungoja, ingawa tarehe ilishasogezwa mara mbili. Binti yako hataki baraka ya kunung'unika. Anataka umshike mkono mlangoni, upite naye kati ya yale mawe hadi altareni, kama baba anayejua anampeleka wapi.

Nimejuaje yote haya? Hapa nikiri. Picha hazikutumwa kwenye simu yangu. Nimeonyeshwa sebuleni kwangu na Edith mwenyewe, aliyefika juzi na kuniomba nikae kimya. Tangu hapo anakula ugali wa ulezi wa Evodia kama mtu aliyetoka kifungoni. Aliogopa kuja kwako mikono mitupu, bila maneno ya kumtangulia, ndipo nikakaa mezani kuandika, naye akinisahihisha habari za chokaa.

Barua hii umepewa na Monika. Monika amepewa na Edith, aliyeshuka nayo kwenye basi leo. Yuko jikoni kwa mama yake, amekaa kwenye kigoda. Hataki kuingia ulipo kabla hujamaliza kusoma, ili ukikasirika ukasirikie karatasi ya kaka yako kwanza.

Nami sihitaji jibu la maandishi. Nisalimie wote wa hapo, ukianza na aliye jikoni.

Kaka yako akupendaye,
Wilibrodi