Mama Pilipili Iko Mu Jikoni Yangu

Bunia, kartie ya Ngezi

Kwa Yaya wangu mupenzi Masika, dada yangu mukubwa,

Mungu mwenye anatulinda huku Bunia awalinde na ninyi wote kule Butembo. Goti yako inaendelea namna gani? Ungali unapanda ule mulima wa kanisa, ao sasa unasalia ku nyumba? Siye tuko. Bwana yangu Papa Kambale anakusalimia, watoto wanakula, tunalala mu nyumba yetu wenyewe, na kwa hii wakati ile peke inatosha kwa kusema aksanti. Risasi zimenyamaza kidogo mu kartie yetu. Lakini duka Papa Kambale anafungua mulango moja tu. Ule mwingine anauacha na kufuli, ili siku ya kukimbia kazi isiwe mingi.

Mu barua yako uliniuliza kama ni kweli Dori Kasuku, ule mwimbaji, alikufa ku Nizi. Uliandika kama soko yote ya Butembo imemulia. Yaya, kaa chini. Dori Kasuku hakufa. Hapa ninaandika, iko mu jikoni yangu, anatwanga sombe yangu, na ananiambia niandike mistari yenye kunyooka.

Alikuja namna hii. Kisha Nizi kuungua, wakimbizi walijaa mu kiwanja ya kanisa, na siye wamama wa kanisa tukawagawana ku nyumba zetu. Mimi nilipewa mama moja mwembamba, kitambaa ya kichwa imeshuka mpaka ku macho, jina yake Dorika. Hakusema kitu. Ukimusalimia, anainamisha kichwa. Papa Kambale akaniambia, "Kavira, uache maulizo yako. Huyu mutu ametoka mu moto." Nikaacha kwa kinywa. Lakini weye unanijua, macho haikuacha. Niliona mikono yake: hata wakati ananyamaza, mikono ilikuwa inaongea.

Siku moja mbuzi ya jirani yetu, Mama Anjela, iliingia kwetu na kutia kinywa mu majani ya muhogo ya sombe yenye nilikuwa nimetoka kuchagua. Ule mama mwenye kunyamaza akasimama, mukono ku kiuno, na sauti yenye ilitoka pale, Yaya, ilikuwa ya mwanamuke muzee mwenye hajafurahishwa na mutu tangu kuzaliwa:

"Weye mbuzi! Kwenu hawakukufundisha kubisha hodi? Hata bibi ya mutoto wangu, na uvivu wake wote, anangojea wazee wakule kwanza!"

Ngambo ya ua ya lupango, Mama Anjela aliacha kupepeta mchele. Nikamusikia anasema polepole, "Yesu wangu. Mama Pilipili."

Weye wa Butembo unamujua Dori kwa nyimbo za kaseti. Siye wa Bunia tulimujua zaidi kwa teatri ya radiyo. Mama Pilipili ni ule mama mukwe mwenye alikuwa anatesa bibi ya mutoto wake kila juma: leo chumvi ni mingi, kesho maji ni kidogo, kila siku sombe haijaiva. Mbele ya vita, saa ya teatri ikifika, ku soko unaita muuzaji mpaka unachoka, wote wako ku radiyo.

Sasa habari ikatembea, na watu wakamuogopa kweli. Nilimutuma ku soko, akarudi bila ndizi. Nikaenda naye mimi mwenyewe. Ule muuzaji akafunika ndizi yake na kitenge.

"Kwako siuzi. Enda kwanza umuombe bibi ya mutoto wako masamaha."

Dorika akajibu kwa upole, "Mama, mimi sina mutoto mwanaume. Ilikuwa teatri."

"Munasikia? Sasa anamukana hata mutoto wake!"

Mama Anjela naye alikuwa anamuficha bibi ya mutoto wake asipite mbele yetu. Na mimi, Yaya, unicheke tu: ile siku ya mbuzi nilionja sombe yangu mara mbili mbele ya kumupakulia, nione kama imeiva.

Kutoka pale maulizo yangu yakapata njia. Tukiwa tunachagua maharagi, ninauliza, anajibu. Baba yake alikuwa anaosha mchanga ya zahabu ku Nizi. Dorika, akiwa mudogo, alijificha nyuma ya nyasi na kuita kwa sauti ya kapita, mukubwa wa kazi, na wanaume wote wakatupa sigara na kushika majembe. Njo pale walimupa jina Kasuku. Alianza mu korali ya parokia. Kisha orkestra ya kambi ikamuchukua, na nguo ya robe ya kuazima yenye kufungwa mugongo na pini. Halafu Kisangani, kaseti, picha yake ku ukuta ya mabaa yenye hakupata kuingia hata siku moja.

"Ku jukwaa haukuogopa?" nikamuuliza.

"Juu, hapana. Niliogopa kushuka. Juu watu wote wananipenda. Chini ninatafuta mutu wa kunirudisha ku nyumba, simuoni."

Alirudi Nizi, akaolewa, akaingia mu teatri. Bwana yake alipokufa, alibatizwa, na mbele ya kanisa akaahidi kuacha muziki ya dunia. Kaseti zake alizitupa mu mutoni mwenyewe. Na teatri? "Walisema ni kitu moja," akanijibu, "nikaacha yote."

Lakini maneno yake ikikaribia vita, anasimama, anaenda kuchota maji hata ndoo ikiwa imejaa. Mpaka siku moja hakusimama. Iko na mutoto, Neema, binti mukubwa sasa. Siku ya moto walikimbia na umati, barabara ikagawanyika, na mukono yenye alikuwa ameshika, kumbe ilikuwa ya mutoto wa mutu mwingine. Tangu pale hajui kama Neema anapumua.

Nikamwambia, "Si radiyo inasoma majina ya wenye kupotea?" Akatikisa kichwa. Mu hii vita, Yaya, jina ya mutu inaonyesha kabila yake, na wenye silaha nao wanasikiliza radiyo. Ukimuita mutoto wako kwa jina, unawaonyesha na wao.

Halafu nikauliza, bila kufikiri mbali, "Na Mama Pilipili? Yeye iko kabila gani?"

Akaacha maharagi. Akaniangalia sana.

Mama Pilipili hana kabila, anaweza kumuita mutoto ku radiyo bila kutaja jina. Tukaenda kwa Pasta, juu ya ile ahadi. Pasta akafungua Biblia fasi ya ule mama wa Tekoa mwenye alijifanya iko mu matanga mbele ya mufalme Daudi, ili mutoto wa mufalme arudishwe ku nyumba. Akasoma polepole. Akasema, "Uliahidi kuacha kuimba, usiimbe. Lakini ile sauti, kama inaweza kurudisha mutoto, uende nayo. Siye tutafunga na kuomba."

Ku radiyo nilikuwa nyuma yake. Akakaza kitambaa, akainama, akazeeka mbele ya macho yangu, na akasema:

"Bibi ya mutoto wangu! Ni mimi Mama Pilipili. Nimehamia kwa mama moja mwenye maulizo mingi. Sombe imeiva, ao ungali unaangalia moto? Lete jibu yako ku mulango ya radiyo!"

Akanielezea kisha. Ku nyumba, wakati wa kujifunza teatri, Neema alikuwa anashika fasi ya ule bibi. Mu radiyo bibi analia tu. Lakini Neema hakulia, alijibu jibu yake mwenyewe, na ile jibu haikupita mu radiyo hata siku moja.

"Alijibu nini?"

"Yeye njo anajua."

Yaya, nilimuuliza asubuhi, nilimuuliza ku mutoni. Hapana.

Watu wakaanza kuleta majibu. "Imeiva!" "Haijaiva!" "Kuni imelowana!" Muzee moja alileta sufuria yenyewe. Dorika anawasikiliza wote, anawashukuru, na anarudi ku nyumba akiwa mufupi kidogo zaidi. Binti moja alikuja, akasema wazi kama yeye si Neema na hana tena mama, alitaka tu ile sauti imugombeze. Dorika akamugombeza vizuri sana, juu ya nywele, juu ya viatu, mpaka akacheka. Ile siku Dorika hakukula.

Radiyo yetu haifiki Mambasa. Lakini wale wanaume wenye kusukuma biashara ku baiskeli wanabeba na maneno pia. Jana, kisha ibada, moja wao alibisha hodi, vumbi mpaka ku kope, na anaona haya.

"Wamama, musinipige. Niliambiwa niseme vile vile niliambiwa."

"Sema," Dorika akasema, muti wa kutwanga mukononi.

"Sombe imeiva, Mama. Meno yako njo haiko."

Dorika akaita kwa sauti ya Mama Pilipili, "Nani anathubutu!"

"Binti moja ku Mambasa, anauza mandazi ku barabara. Nilikuwa ninachekesha wenzangu na maneno yenu, akaangusha sahani yake yote."

Ile sauti ya mama mukwe ikakatika katikati, na nyuma yake ikatoka ingine, yenye sijasikia ku radiyo wala mu kaseti. Akakaa chini karibu na kinu. Nilikuwa na maulizo mpaka ku meno, Yaya. Sikuuliza hata moja. Nilishika tu muti na kuendelea kutwanga.

Papa Kambale anatafuta wasafiri wenye kuaminika. Barabara ikiruhusu, atakwenda nao Mambasa kumuchukua Neema. Mutuombee.

Unisalimie Papa wetu, asiuze ule ng'ombe mbele ya kuniambia. Salimia Mama mudogo na wateja wake wa maharagi, shemeji mwenye kutengeneza viatu, na kaka yetu mushonaji. Na Pasta wenu, aombee Ituri kwa jina.

Na ku soko, mutu akisema tena kama Dori Kasuku alikufa, umujibu hivi: sombe imeiva, meno yako njo haiko.

Mudogo wako mwenye maulizo, mu upendo ya Bwana,

Kavira