Nilimwangusha Mama Mkwe Kwenye Nepia

Shangazi Nanyama, naomba unisaidie, lakini tuelewane kwanza kwamba mimi si mgonjwa. Nilikuwa mwanajeshi, nikapigana msitu wa Boni, kule adui humwoni, unaona majani tu yakitikisika, na sasa nimestaafu naishi Mutuini na mke wangu Waringa, jirani na mama yake. Juzi nilikuwa namkatia huyo mama nepia, yale majani ya kulisha ng'ombe, yeye akifunga mizigo kando, nyasi zimetupita kimo, mara ekzosi ya bodaboda ikalipuka barabarani, na kabla sijafikiri nilikuwa nimeshamwangusha mama chini, nimemlalia na kumziba mdomo asipige kelele, maana kule Boni Mutinda hakulala chini kwa wakati. Mimi ni Mkamba, Shangazi, kwetu mama mkwe hata kumgusa hivi hivi ni mwiko, na majirani walitukuta pale pale, yeye analia, kitambaa kimemtoka kichwani.

Nimefyeka nepia yote. Ua wa kayaba pia nimeukata, nyumba iko peupe kama uwanja wa mpira, na afadhali sasa napata usingizi. Waringa amehamia kwa mamake na watoto, anasema nikitaka warudi nipeleke mbuzi, niombe msamaha, halafu nikaonwe na daktari wa akili. Sipeleki. Nilikuwa namwokoa. Mtu huomba vipi msamaha kwa kumwokoa mwenzake?

Muema, Mutuini

Muema, pole, na ninaisema kutoka moyoni. Sasa nijibu: ng'ombe wa mama anakula nini tangu ufyeke nepia? Hilo hukuliwaza. Unabisha kwamba si mgonjwa, na bado huwezi kulala mpaka ukate ua. Ungerudi na mguu uliovunjika ungeenda hospitali bila kunigombeza mimi.

Ulitaka kumwokoa, nakubali. Lakini risasi haikuwepo. Kulikuwa na bodaboda, na mama mzee aliyedhani anauawa na mume wa binti yake. Mbuzi ni wa hofu aliyoipata siku hiyo, kwa hiyo acha ukaidi umtoe.

Kuna jina umelipitia mbio. Umenieleza nepia, kayaba, mpaka kitambaa cha mama, ila Mutinda umemtaja mara moja ukakimbia. Waringa anamjua? Nadhani hata jina hajawahi kulisikia, ndiyo maana anaona mume aliyechanganyikiwa tu.

Basi tafuta mzee wa kwenu akuongoze na huyo mbuzi, yale ya mila ayaseme yeye. Ya Mutinda yaseme wewe, mbele ya mama na Waringa, hata sauti ikikatika. Kisha nenda kwa mtaalamu anayewashughulikia wanajeshi, na uende kila anapokuita. Na lile panga la kukatia nepia, akae nalo Waringa.

Mutinda hukuwahi kumlaza chini, Muema. Mama mkwe ulimlaza, na yuko hai. Nenda ukabishe hodi.