Kiatu Hakikatwi Mwenyewe Akiwa Hai

Jumapili, 9 Februari

Shule bado imefungwa. Askari wanalala madarasani, na soksi zao wamezianika kwenye dirisha letu la darasa la sita. Basi daftari la sayansi sasa ni la mambo yangu. Naanzia nyuma, nisikutane na utumbo mwembamba na utumbo mpana.

Leo nimegongelea visigino vya viatu vya mke wa muuza mkaa peke yangu. Babu akapapasa kazi kwa kidole gumba, maana macho yake yamebaki ya pambo tu — kasema mwenyewe. Akasema, si haba, mke wangu. Kwa Babu "si haba" ni sherehe. Baba angesema rudia! Lakini Baba yuko vitani, na habari zake zilikatika zamani.

Ngozi imekwisha. Matairi mabovu yote jeshi limechukua, hata lile tulilokuwa tunakalia. Kwenye rafu kuna viatu vya wanaume walioitwa jeshini kabla hawajaja kuvichukua: vya kinyozi, vya mwalimu wa hesabu, vya yule mpiga tarumbeta mwenye mguu mmoja mkubwa kuliko mwingine. Mama anasema tuvikate, tupate soli za watu waliopo. Babu kagoma. Duka hili lina sheria moja, tangu enzi za baba yake: kiatu hakikatwi mwenyewe akiwa hai. Akishazikwa, na watu wake wakaja kutoa ruhusa, sawa. Kabla ya hapo kisu kikae mbali. Mama akasema sheria hiyo ilitungwa wakati ngozi ipo. Kisha kila mtu akarudi kwenye kazi yake.

Jumatano, 12 Februari

Gavana ni mdogo wangu. Ana miaka sita na anatoa amri kama mtu wa sitini, ndiyo asili ya jina. Viatu vyake sasa vimekufa kabisa. Kidole gumba kimetoka nje kuangalia dunia. Nilicheka, lakini si jambo la kucheka tena. Mama karudi kutoka hospitali anakofua mashuka, mikono imemvimba, na ana habari. Mji utahamishwa. Siku yoyote. Magari ni ya majeruhi, sisi wengine ni kwa miguu, kuvuka daraja na kupanda milima. Njia yote kokoto.

Akasema Gavana lazima apate viatu vya ngozi. Kwa hiyo vile vya kahawia vya Baba, vya harusi, vilivyo kwenye boksi chini ya kitanda, kesho vikatwe. Alisema hivyo huku anamenya vitunguu. Kama vile anazungumzia vitunguu!

Babu akainuka, akapapasa njia kwenda dukani. Nilijibu mimi, nikafukuzwa jikoni.

Kukata viatu vyake ni kusema harudi. Nani kamwambia harudi? Mama hakuzaliwa kwenye ngozi kama sisi, kwao ni wakulima, hajui alichokisema. Nina hasira mpaka masikio yanawaka moto.

Alhamisi, 13 Februari

Nimevificha. Viko chini kabisa ya furushi langu la safari, nimevizungushia sketi ya shule. Mama alishakagua mafurushi, hatayafungua tena.

Mchana akavuta boksi. Ndani karatasi tu. Akatuuliza mmoja mmoja. Nikasema sijui — haraka, kwa sauti nyembamba ambayo hata sikuijua ni ya nani. Gavana akaapa kwa jina la jeshi zima.

Ikafika zamu ya Babu. Babu husahau, kila mtu anajua. Majuzi alimwaga chumvi kwenye kopo la misumari. Akasema, polepole, huenda ni yeye. Kuna mtu alipita dukani akiulizia viatu vya kahawia. Huenda alimpa.

"Nisamehe, mwanangu," akamwambia Mama. "Sikumbuki. Lakini kama si mimi, ni nani?"

Mama hakufoka. Heri angefoka. Akasema haidhuru, baba, akalirudisha boksi chini ya kitanda, tupu vilevile.

Nilitaka kusema. Nitasema kesho.

Ijumaa, 14 Februari

Sikusema.

Babu hakufungua duka. Kamkabidhi Mama ufunguo. Anasema fundi anayeuza viatu vya mwanawe bila kujua si fundi tena, ni janga. Kutwa nzima alikaa kwenye kigoda akikunja vidole na kutaja majina: ya marehemu Bibi, ya watoto wake, ya mitaa aliyowahi kupanga. Anajipima. Anaogopa akili imeanza kumtoka. Kila akilipata jina ananigeukia kama mtoto aliyefaulu mtihani.

Nikamwambia, Babu, mbona unakumbuka vizuri tu. Akacheka kidogo. Akasema mimi nampenda, kwa hiyo ushahidi wangu haufai mahakamani.

Jumapili, 16 Februari

Babu kamshonea Gavana viatu vya gunia. Gunia limekunjwa mara nne, likapakwa nta, likashonwa kwa kupapasa. Alijichoma sindano mara nyingi. Nilipotaka kumsaidia alinitoa mkono. Kosa ni lake, akasema, acha alirekebishe mwenyewe. Vizuri havikuwa, lakini Gavana alipiga gwaride chumba kizima na akampandisha Babu cheo. Babu akapiga saluti, akamwita mume mwenzangu. Kisha akaniambia pembeni: vikikutana na maji, basi.

Mama alikuwa kazini. Tulikuwa wawili tu dukani, na ingekuwa rahisi. Nikaanza: Babu, vile viatu vya Baba… Akanikata hapohapo, nisivitaje, vinamuuma. Na ukweli ni kwamba nilifurahi kunyamazishwa. Aibu yangu hiyo. Watu husema majuto ni mjukuu. Mjukuu mwenyewe ndiye mimi.

Jumanne, 18 Februari

Gari la kipaza sauti limepita asubuhi. Kesho kukipambazuka, kila mtu barabarani.

Babu haendi.

Mama alidhani ni utani. Halafu akambembeleza. Halafu akapiga magoti, sijawahi kumwona Mama akipiga magoti hata siku moja. Babu akamwinua. Akasema mtu asiyejua alichofanya juzi hafai kukabidhiwa watoto njiani. Ataambiwa amshike Gavana kidogo, atamwachia, na hatakumbuka alimwachia wapi. Afadhali abaki na rafu yake, wale wanaume wakirudi wamkute mtu. Mama akasema atambeba mgongoni. Akajibiwa: mbebe mwanao.

Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni, nasikia yote. Maneno yenyewe yalikuwa mawili tu. Ninavyo mimi. Ningeyasema, Babu angejua akili yake ni nzima, angechukua kofia yake tukaondoka wote. Lakini Mama naye angechukua kisu. Nikapima. Naandika hapa ili baadaye nisije nikajidanganya: nilipima, Babu huku na viatu kule, na nikakaa kimya. Nikajiambia asubuhi atabadilika. Wazee hubadilika.

Jioni kanipa kopo lake la kazi. Kisu, nta, uzi, sindano mbili. Wewe ndiwe duka sasa, kasema.

Alhamisi, 20 Februari

Hakubadilika. Jana alisimama mlangoni akatuaga kwa majina yetu kamili, la kwake kila mtu, la baba na la ukoo. Makusudi, tuone kwamba anayakumbuka. Mama alimbusu mikono. Mimi nilimkumbatia nikiwa na furushi mgongoni, na nadhani kiatu kilimgusa mkono. Akauliza nimebeba nini kigumu hivyo. Nikasema vitabu.

Vitabu!

Tumevuka daraja jana, na mvua haijakatika tangu hapo. Viatu vya gunia vimekuwa uji. Gavana alitembea pekupeku na hakulia, ndicho kilichonitisha. Alikuwa anaamrisha miguu yake: kushoto, kulia, kushoto. Baadaye akaacha kuamrisha. Asubuhi hii Mama kambeba, mpaka akateleza kwenye kokoto wakaanguka wote wawili.

Sasa tuko kwenye banda la kituo cha mafuta kisichokuwa na mafuta. Watu wamejaa, wanakamua nguo. Mama kamwosha Gavana nyayo kwa maji ya mvua. Nyama tupu, nyekundu. Nilitazama kwingine, kisha nikajilazimisha kutazama.

Nikafungua furushi.

Vilitoka vikavu. Vinang'aa hata. Nikaviweka mbele ya Mama. Nilikuwa na maelezo marefu, nimeyatunga njia nzima, yakapotea yote.

Mama akachukua kimoja akatia pua ndani, akanusa. Nilikuwa nangoja kofi, nilikuwa nalihitaji.

"Babu yako alijua?"

"Hapana."

"Kwa hiyo hakuviuza." Akakiweka chini taratibu. "Hakusahau chochote."

"Hakusahau, Mama."

Hakunipiga. Kachukua mguu wa Gavana, kauweka juu ya soli, kauzungushia alama kwa kipande cha mkaa. Akasema kata. Ngozi ikawa inateleza, na Mama akashika upande wa pili ili isiyumbe. Nikakata. Nililia huku nakata na sikujificha. Gavana akauliza, kwa sauti ndogo isiyo na ugavana hata chembe, je, Baba hatakasirika? Mama akamwambia atakasirika sana. Atatugombeza mmoja mmoja, akianza na yeye.

Cha kulia tayari. Si kizuri. Kinaingia.

Askari anayepanga msafara kapita akisema daraja litafungwa kesho jioni, na baada ya hapo havuki mtu, si kuja si kwenda. Mama akamfuata nje. Nilimwona akimuuliza kitu, askari akitikisa kichwa, Mama akiuliza tena. Karudi na kuzungumza na mwenzake wa kufulia, yule mama mnene tunayetembea naye. Mwenzake kashika mdomo. Kisha kaja kukaa karibu yetu na mabegi yake yote.

Ndipo nikaelewa: anarudi kumchukua Babu. Nikasema nitakwenda mimi, kosa ni langu. Mama akanishika bega akanikalisha. Kavua koti lake kamvisha Gavana. Kaniuliza kama naweza kumshika mkono mdogo wangu bila kumwachia, mpaka atakapotukuta. Nimesema naweza. Kaniuliza tena, nikasema naweza.

Watu wameanza kusogea mbele. Gavana anaita, anataka cha kushoto. Mama anafunga kamba za viatu vyake, uso umeelekea tulikotoka. Amesema Babu hatatoka dukani kwa maneno yake yeye, alishayakataa yote. Nimpe ya kwangu. Nieleze kama nilivyofanya, bila kupunguza, ayabebe hivyohivyo ampelekee.

Ameshafunga kamba. Amesimama, ananingoja.