Mate ya Namba Kumi na Nne

Jumatatu, 3 Machi
Kijiweni kwa bodaboda tena, tangu saa moja asubuhi. Kijiti mdomoni, kijiti kwenye kichupa, andika namba ya reflekta, mwingine aje. Utafiti unataka kujua wangapi wanaendesha wamevuta bangi. Majina hatuandiki, tuliwaahidi siri. Wananiita Dada Mate. Siwapendi. Mvua, matope. Kwetu Singida ningekuwa nimekauka.

Alhamisi, 6 Machi
Majibu yametoka. Kijiwe chote safi! Hata namba kumi na nne, Gwakisa, yule mwenye macho mekundu. Anasema ni vumbi. Vumbi gani na mvua hii? Lakini kipimo hakina chuki na mtu. Msimamizi kafurahi, nami nikafurahi.

Ijumaa, 7 Machi
Mama Atu, mwenye nyumba wangu hapa Bondeni, hana raha. Gwakisa ndiye anayempeleka binti yake Atupele shule, na jana alimwona anayumba. Kaniuliza mimi, mwenye vipimo. Kanuni inasema ninyamaze. Ila huyu mama hunipa bakuli la wali kila Jumapili tangu nihamie, hajawahi kukosa. Nikamwambia ampeleke tu, Gwakisa havuti. Akanishika mikono yote miwili, akishukuru kwa Kinyakyusa, ndaga fijo, ndaga fijo. Ulimi hauna mfupa.

Jumatano, 12 Machi
Atupele amekufa.

Pikipiki iliingia mtaroni asubuhi, barabara imenyooka kabisa. Gwakisa hana hata mchubuko, yuko polisi. Wanasema alikuwa ananuka bangi. Haiwezekani. Nimerudia karatasi mara nne. Kumi na nne: safi.

Ijumaa, 14 Machi
Mazishi Makwale, kwa babu yake, pembeni ya shamba la kokoa. Bodaboda walikuja kwa msafara, wamevaa reflekta zao. Lusajo, namba tisa, mlokole, pombe hata haonji, alinivuta pembeni analia. "Dada, yale mate ya kumi na nne yalikuwa yangu."

Waliovuta waliogopa tutawapeleka polisi. Siri yetu hawakuiamini. Basi walimvalisha reflekta zao, moja baada ya nyingine, naye akapanga foleni mara saba. Aliona anasaidia ndugu zake. Mara saba jamani, mbele yangu! Nami macho yote kwenye namba, sura yake sikuitazama hata mara moja. Nilitaka kumpiga. Nilitaka kujipiga.

Jumamosi, 22 Machi
Matanga yameisha, Mama Atu amerudi. Nimemwambia yote, sikubakisha neno. Alikuwa anapeta mchele. Hakuacha kupeta.

Jumapili, 23 Machi
Mvua imekatika. Nimefua. Saa saba nikaosha sahani, nikakaa karibu na mlango. Bakuli halikuja. Saa tisa nikakoroga uji.