Mara Kumi na Mbili Nilijibu Hapana

Kinole,
4 Septemba

Mjomba wangu mpendwa Abeid,

Shikamoo. Shikamoo pia kwa mkaza mjomba, na nauliza hali za watoto, hasa Shadya, kama kile kikohozi kimemwacha. Huku sote tunaamka salama. Mama mgongo ulimsumbua baada ya kubeba mananasi kwenda gulioni, lakini sasa anainama bila kulalamika. Bibi ni mzima wa mwili. Mvua bado, ila ukungu haukosi, na asubuhi hatuuoni mlima mpaka saa nne.

Najua utashangaa kupata karatasi wakati Jumapili tulizungumza kwa simu. Uliponiuliza maandalizi ya mkutano wa Morogoro yanakwendaje nilijibu vizuri, kisha nikampa Mama simu haraka. Unajua ulimi wangu ulivyo mzito. Wewe mwenyewe hunitania kwamba ukinipigia unawasikia kuku wa jirani kuliko unavyonisikia mimi. Kwenye karatasi angalau kuku hawanizidi. Barua hii nampa Kaka Mikidadi, anayeleta ndizi huko Ngerengere, na nimemwomba akukabidhi mkononi.

Naomba nikueleze jambo lote tangu mwanzo, kwa sababu nahisi Mama alikusimulia ile sehemu ya sifa tu.

Mwezi wa tano alikuja shuleni kwetu Daktari Lucy, mtafiti wa chuo kikuu cha mjini. Bibi aliposikia daktari amekuja alitaka kupeleka goti lake likaangaliwe, ikabidi Mama amfafanulie kwamba huyu anatibu masomo, si magoti. Bibi akasema basi ana kazi kubwa, maana masomo ya siku hizi yanaumwa sana. Hakukosea. Shule yetu haijawa na mwalimu wa fizikia tangu niingie kidato cha pili.

Daktari Lucy alituambia anatafuta jibu la swali moja: mwanafunzi anayesomea mbali na mwalimu, kwa simu, anahitaji nini hasa ili aelewe? Tulichaguliwa wanafunzi kumi na sita wa kidato cha tatu, tukapiga kura za vikaratasi. Wanane walipewa simu yenye masomo ya video, na mwalimu wa mjini akawa anawapigia mara mbili kwa wiki kuwauliza wamefikia wapi. Wanane wengine tulipewa simu yenye masomo yale yale, bila mwalimu na bila mtu yeyote. Sisi tuliitwa kundi la peke yao. Nilifurahi kuangukia huko, Mjomba. Nilifikiri: hakuna wa kuniuliza swali mbele za watu.

Wiki mbili za kwanza zilikuwa nzuri. Nilikuwa natazama video huku natikisa kichwa kama ninayeelewa. Luqmani, mtoto wa Mzee Elia wa dukani, ambaye tulikuwa naye kundi moja, alifika wiki ya tano akaacha. Alisema simu haikutazami usoni, ukipotea inaendelea tu kuongea kama abiria aliyelewa. Alibaki kuitumia kutazama mpira hadi ilipokusanywa. Mimi akaniita Profesa, na kila nikipita dukani aliniuliza leo nimevumbua nini.

Mimi sikuacha, na sababu yake ndiyo habari yenyewe ya barua hii.

Unakumbuka sheria ya mkekani kwa Bibi, mama yako. Ukikaa kuchambua, mikono ifanye kazi na mdomo nao ulete neno. Tulianza na pilipili manga, kisha zikaja karafuu, na kila siku baada ya alasiri tulikaa watatu tukitenganisha karafuu na vikonyo. Mama alileta habari za gulioni. Mimi sina habari, kwa hiyo siku moja Bibi aliniambia, mke mwenzangu, wewe unashinda unaitazama hiyo simu kama kioo, basi tuambie imekwambia nini.

Nikamwambia imenifundisha kupinda kwa mwanga. Nikasema kwa Kiingereza kama video ilivyosema, neno kwa neno. Bibi akasema hayo ni maneno ya simu, yeye anataka ya kwangu. Nikajaribu kwa Kiswahili, nikakwama katikati. Nikatoa mfano wa kijiti ndani ya maji kinavyoonekana kimevunjika. Bibi akasema kumbe ndiyo maana kidimbwi cha chini ya mgomba kinaonekana cha magotini, ukiingia kinakufika kifuani. Akaniuliza sasa mwongo nani, jicho au maji. Nilirudi kuitazama video mara tatu ili nipate la kumjibu kesho yake.

Ikawa hivyo wiki zote. Tulipofika kwenye joto, alitaka kujua kwa nini karafuu zilizoanikwa kwenye turubai jeusi zinawahi kukauka kuliko za kwenye jamvi, na kama ni weusi tu, mbona sufuria lake jeusi linachelewa kuchemka. Na hakuwa mtu wa kuuliza mara moja akasahau. Zikipita siku nne tano, wakati mimi nimeshahamia somo jingine, aliniuliza tena: lile la turubai ulisemaje? Nikikosea alicheka, akasema juzi ulisema vingine, chagua moja tukuamini. Mama naye aliongezea kwamba mwanawe akiwa mwalimu atafukuzwa na wanafunzi.

Mwisho wa wiki kumi na mbili tukafanya mtihani. Nilipata themanini na moja, nikawa wa kwanza katika wote kumi na sita. Hapo ndipo Mama alipokupigia.

Sasa naomba uvumilie hesabu kidogo. Kundi lenye mwalimu lilipata wastani wa arobaini na saba. Kundi letu la peke yao lilipata arobaini na tano. Wageni waliokuja na Daktari Lucy kupokea matokeo, ambao ndio wanaotoa simu, walisema tofauti ni ndogo mno, na kwamba mwakani shule za milimani zipelekewe simu peke yake, walimu wasisumbuliwe kupiga. Walitaka nikasimame kwenye mkutano wa mjini Jumamosi ya tarehe 14, niwaeleze watu nilivyoweza peke yangu. Mkutano ule ule uliouombea ruhusa kazini uje kunisikia. Lakini ukiniondoa mimi, Mjomba, wale saba waliobaki wana wastani wa arobaini. Alama zangu ndizo zilizolibeba kundi zima, na mimi sikuwa peke yangu hata wiki moja.

Kila Ijumaa simu ilituuliza swali: wiki hii kuna mtu aliyekusaidia kujifunza? Unabonyeza ndiyo au hapana. Ukibonyeza ndiyo, kinafunguka kisanduku cha kuandika jina la mtu huyo na elimu yake. Wiki ya kwanza nilibonyeza hapana kwa moyo safi, kwa sababu nilidhani msaada ni wa mtu anayejua kuliko wewe. Kufikia wiki ya nne nilishajua kwamba nisingemweleza Bibi nisingeelewa chochote. Siku hiyo nilibonyeza ndiyo. Kisanduku kikafunguka. Nikaandika jina lake, Mwajuma, nikafika kwenye elimu, nikaona nitaandika hakusoma. Nikafuta, nikarudi kwenye hapana. Hadi wiki ya mwisho nikawa nimebonyeza hapana mara kumi na mbili.

Hilo peke yake nisingekuandikia, ningelimaliza na Daktari Lucy. Ninalokuandikia ni hili.

Alhamisi iliyopita wazazi waliitwa shuleni kusikia matokeo. Mama alikuwa gulioni, akaja Bibi, amevaa ile kanga mpya uliyomletea sikukuu ya Idi. Alikaa benchi la tatu. Mwalimu mkuu alinisimamisha mbele, na mgeni mmoja akaniuliza, mbele ya watu wote, ni nani nyumbani alinisaidia. Nilimwona Bibi akiirekebisha kanga yake kichwani, kama mtu anayejiandaa kuitwa. Nikasema hakuna mtu, nilisoma mwenyewe. Watu wakapiga makofi. Bibi naye akapiga.

Njiani hakuniambia neno. Kesho yake tulikaa mkekani, nikangoja aniulize. Hakuuliza. Alichambua kimya mpaka magharibi, yeye aliyetufundisha kwamba haichambuliwi kimya. Nikimletea neno anasema haya, vizuri, basi. Hajanikasirikia, chakula ananipakulia kama kawaida. Leo ni siku ya sita, na hajaniita mke mwenzangu.

Nimemkana mama yako hadharani, Mjomba, akiwa ananitazama, kwa sababu hajui kusoma.

Juzi Jumatatu nilipanda hadi kwenye jiwe ambako mtandao unashika vizuri nikampigia Daktari Lucy. Ulimi ulikwama lakini nilimaliza. Akaniuliza Bibi alikuwa ananiuliza maswali ya namna gani, nikamsikia anaandika. Hakunigombeza. Alisema alama zangu lazima ziondolewe kwenye kundi la peke yao, na atawaeleza wageni sababu, lakini hawezi kuniahidi kwamba watabadili waliyokwisha kupanga. Kuhusu kuzungumza kwenye mkutano, nafasi hiyo sinayo tena. Nilimwambia ni sawa. Luqmani nimemweleza pia, kwa kuwa naye anahusika. Alinitazama sana, akasema basi yeye hakuwa mjinga, alikuwa hana bibi tu. Siku hiyo hakuniita Profesa.

Aliyebaki ni Bibi. Nimejaribu mara mbili, nikaishia kumuuliza kama goti linamsumbua. Kwetu mtoto hamwendei mkubwa aliyemkosea mikono mitupu bila mtu wa kumtanguliza, na kwa mama yako hakuna anayefaa kutangulia isipokuwa wewe. Kwa hiyo ninakuomba, ile ruhusa ya tarehe 14 usiirudishe. Usiende Morogoro, njoo huku. Sikuombi uniombee msamaha. Wewe nifungulie tu maneno, useme mtoto ana jambo, halafu uniache niseme mwenyewe, hata kama nitachukua muda. Na kama kuna watu kazini kwako uliowaambia kwamba mpwa wako atahutubia mjini, nisamehe kwa aibu hiyo pia.

Mama anakusalimu sana, anasema usisahau dawa ya mgongo. Jirani yetu Nasra anakusalimu. Wasalimie mkaza mjomba na wadogo zangu wote. Salamu za Bibi ambazo huwa naziandika mwishoni safari hii sina, kwa sababu hajui kwamba nimekuandikia.

Ni mimi mpwa wako,
Mwanvita