Mkwaruzo Katika Chumba cha Ukalimani

Dada yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu, wewe na shemeji na hao mapacha ambao bado sijawashika. Mgongo wako vipi? Shemeji aliniambia unabeba mmoja kila upande na hutaki kusaidiwa. Nakujua. Tafadhali saidiwa.

Mimi mwili hauna neno, ila situlii. Jirani wa chini amenilalamikia kwamba nazunguka chumbani kama mtu aliyepoteza funguo. Nakaa, nainuka, nafungua dirisha, nalifunga. Barua hii nimeianza mara nne. Ningekupigia simu, lakini najua ukinisikia sauti inatetemeka utaanza kunibembeleza kabla sijafika mwisho, na safari hii nataka unisikilize mpaka mwisho kwanza.

Chumba cha ukalimani hujakisahau, maana kilikuwa chako kabla hakijawa changu. Bado ni kilekile: ghorofa ya pili, kati ya stoo ya mashuka na ofisi ya takwimu, meza moja, dirisha linalofunguka nusu. Daktari akipata mgonjwa asiyejua lugha yake, ananipigia kwa video, nami namwambia mgonjwa kwa lugha yetu yale daktari aliyosema. Kilichobadilika tangu uondoke ni kompyuta. Ile nzito ya zamani ilistaafu, tukapewa mpakato, nyepesi, nzuri kwa macho. Nayo ndiyo iliyoniletea haya.

Miezi mitatu iliyopita ilianza kutoa sauti. Mwanzoni ilikuwa kama mtu anayekunja mfuko wa nailoni kwenye chumba cha pili. Siku nyingine ulikuwa mlio mwembamba kama wa mbu, unapanda, unashuka, halafu mkwaruzo mmoja mkubwa, kisha kimya kama hakuna kilichotokea. Haikuwa na ratiba. Asubuhi nzima inaweza kupita salama, halafu daktari akifungua tu mdomo, krrr. Nikimwita mtu aje asikie, kompyuta inanyamaza kama mtoto aliyeona mgeni. Wale wa takwimu walianza kunitania kwamba nimepewa kompyuta yenye mashetani.

Nikamwita fundi wa kompyuta. Huyu hukumkuta. Ni mtu wa mkataba, mrefu, mpole, tunamwita Kimya kwa sababu anaweza kukaa na mashine saa nzima asiseme kitu zaidi ya "hebu". Alikuja, akasikiliza nusu saa, hakusikia kitu. Akajaza fomu kwamba kompyuta haina tatizo, akatia sahihi, akaenda zake. Hata hajafika chini ya ngazi, krrr. Nilikasirika sana. Tangu siku hiyo kila niliyekutana naye kwenye korido nilimsimulia habari ya kelele zangu, mpaka jengo zima likajua.

Wiki mbili baada ya fomu ile, alikuja kliniki mzee mmoja, fundi mwashi aliyestaafu, mgonjwa wa presha. Daktari alitaka kumbadilishia dawa. Alisema mzee aache kabisa vidonge vyeupe vya zamani, aanze vipya, kimoja kila asubuhi. Mzee alitoka kliniki akiwa na maelezo mengine: aendelee na vyeupe, na vipya aongeze juu yake. Aliyemwambia hivyo ni mimi. Siku ya nne presha yake ilishuka hadi akaanguka bafuni, akavunjika kifundo cha mkono na kupasuka juu ya jicho. Binti yake, ambaye siku ya kliniki alikuwa kazini, ndiye aliyemkuta sakafuni.

Binti akaja hospitali. Hakupiga kelele. Aliweka boksi mbili za dawa juu ya meza ya msimamizi, akauliza nani alimwambia baba yake ameze zote.

Msimamizi ni yuleyule, mama wa miwani uliyekuwa ukimwogopa. Aliniita, akaniuliza ilikuwaje. Nikamwambia kompyuta ilikwaruza pale daktari alipotamka neno, sikulisikia vizuri. Akaniamini papo hapo. Nani asingeniamini, wakati jengo zima lilikuwa na habari za kelele zangu? Kisha akatoa faili la mitambo, akakuta ile fomu yenye sahihi ya Kimya. Akasema kama kompyuta ni mbovu na mtu ameiandika nzima, basi huyo mtu ana maswali ya kujibu. Akamwandikia barua ya kumtaka ajieleze. Mkataba wa Kimya ulikuwa unaisha mwisho wa mwezi.

Kesho yake Kimya alikuja chumbani kwangu na mkoba wa vifaa na daftari. Hakunilaumu. Aliniomba tu nimsimulie kelele ilivyo, inaanza vipi, inakwisha vipi, naye akaandika kila nilichosema. Tukakaa siku tatu, Dada. Sijawahi kuona mtu akiwinda sauti namna ile.

Kwanza alichomeka spika za masikioni ili ajue kama ubovu uko kwenye spika za kompyuta yenyewe. Kelele ilipokuja, ilikuja masikioni vilevile, kwa hiyo spika hazikuwa na hatia. Akabadilisha spika za masikioni kwa nyingine, mambo yakawa yaleyale. Akafuta programu inayoendesha sauti, akaiweka upya. Tukapata saa mbili za amani, nikaanza kufurahi, halafu mbu wetu akarudi. Akawasha kompyuta kwa flashi yenye mfumo mwingine kabisa, ili aone kama kosa ni la programu au la chuma. Mbu hakujali mfumo. Siku ya pili akaifungua kwa bisibisi ndogo kama sindano, akaitandaza mezani juu ya taulo, akasafisha vumbi kwa brashi, akakaza waya mmoja mwembamba kama utepe. Kila hatua aliandika saa na dakika.

Nami nilikuwa juu yake kama nzi. Nikimuuliza kila baada ya muda kama amepata. Nikitoka, nikirudi. Nikimshauri mambo nisiyoyajua. Mara moja aliniambia kwa upole kwamba nikikaa chini atasikia vizuri zaidi. Nikakaa, lakini goti halikukubali kutulia.

Siku ya tatu wafanyakazi wa usafi walitaka kuosha sakafu, tukahamia kantini. Kwenye meza ile hakukuwa na soketi, kwa hiyo kompyuta ikafanya kazi kwa betri. Tulicheza sauti mchana mzima: hotuba, muziki, mtu akihesabu namba. Hakuna krrr, hakuna mbu. Kimya akawa anatazama kompyuta, kisha daftari, kisha kompyuta. Akasema "hebu", akaibeba, tukapanda juu. Akachomeka chaja. Haikupita robo saa, mkwaruzo huo. Akachomoa, kimya. Akachomeka, ukarudi. Akaleta chaja ya kompyuta yake mwenyewe, inayofanana na ile, akaichomeka kwenye soketi ileile, tukasubiri mpaka jioni. Hakuna kitu.

Ilikuwa chaja tu, Dada. Chaja ya bei rahisi, inayopitisha uchafu wa umeme mpaka kwenye sauti. Siku ile alipokuja mara ya kwanza nilikuwa nimeichomoa ili nichaji simu, nikairudisha alipotoka tu, kwa hiyo asingeweza kusikia kitu.

Ungetegemea aruke kwa furaha. Aliishika ile chaja akaigeuzageuza, kisha akaniambia, "Hii nilikupa mimi, ile ya kwanza ilipokatika waya. Sikuipima. Wacha niandike hivyo kwenye ripoti."

Nikamwambia si lazima aandike hivyo. Akasema ndivyo ilivyokuwa. Akafunga mkoba, akanishukuru kwa uvumilivu, akaondoka. Mimi nikabaki na kompyuta inayoongea vizuri kama redio mpya.

Sasa nakuomba ukae kitako, kama umesimama.

Siku aliyokuja yule mzee, umeme ulikatika. Ulikatika saa tatu asubuhi, ukarudi karibu na saa sita. Jenereta linahudumia wodi na chumba cha upasuaji, sisi wa ghorofa ya pili hatumo. Mtandao una betri yake, na kompyuta ilikuwa na yake, kwa hiyo kazi iliendelea. Mzee aliunganishwa nami saa nne na nusu. Chaja ilikuwa kwenye droo ya chini. Kompyuta haikukwaruza hata mara moja. Sauti ya daktari ilikuwa safi kama amekaa mezani kwangu.

Nilikuwa na simu mapajani. Ulikuwa umetuma picha za mapacha kwenye kundi la familia, na mimi nilikuwa nazikuza nijue yupi ni yupi. Nikasikia vidonge vyeupe, nikasikia vipya, na kilichokuwa katikati nikakijaza mwenyewe. Daktari akauliza kama mgonjwa ameelewa. Nikajibu ameelewa. Usijitafutie lawama hapo, Dada. Picha hazikunishika mkono. Ni mimi niliyeona kazi imekuwa nyepesi, nikadhani naweza kuifanya kwa sikio moja.

Na nilijua. Nisikudanganye na wewe. Msimamizi aliponiuliza, nilijua kompyuta haikukwaruza, na neno kelele lilinitoka kinywani kama limesubiri pale siku nyingi. Mazungumzo ya wagonjwa hayarekodiwi, unajua sababu zake, kwa hiyo hakuna ambaye angejua. Ndiyo maana nilimganda Kimya siku tatu zile. Nilidhani kelele ikipatikana na mimi nitakuwa nimepona. Ikapatikana, nikazidi kuumwa.

Hiyo ilikuwa Alhamisi. Ijumaa nilifika mpaka mlango wa msimamizi, nikajifanya nimekuja kuomba karatasi. Jumamosi na Jumapili nilitembea mji mzima mpaka soli ya kiatu ikaachia. Jumatatu asubuhi nilimwona Kimya kwenye benchi la nje ya ofisi ile, amevaa shati lililopigwa pasi, ripoti yake kwenye bahasha, anasubiri kuitwa. Akanisogezea nafasi nikae. Sikukaa. Nilimpita, nikafungua mlango bila kubisha, nikayasema yote nikiwa nimesimama, umeme, betri, simu, mapacha, bila kupumzika.

Msimamizi alivua miwani. Halafu akaniuliza, "Kwa hiyo uliniacha nikamwandikia mwenzako barua?"

Nikasema ndiyo.

Nimeondolewa kwenye ukalimani kwa miezi sita. Napanga mafaili chini, kwenye kumbukumbu, na barua ya onyo iko kwenye faili langu mwenyewe, nililipanga kwa mikono yangu. Daktari naye ameagizwa kwamba mgonjwa arudie maelezo kabla ya kutoka, jambo ambalo ningepaswa kulidai mimi. Mkataba wa Kimya umeongezwa, ingawa kosa la chaja limeandikwa kwenye faili lake. Nilikwenda kumwomba radhi. Alinisikiliza, akaitikia kwa kichwa, akarudi kwenye kazi yake. Ananisalimia, lakini kama anavyowasalimia watu wengine wote. Kabla ya hapo alikuwa ananisogezea nafasi kwenye benchi.

Jumatano iliyopita msimamizi alinipeleka kwa yule mzee. Ni nyumba ndogo aliyoijenga mwenyewe, kuta zimenyooka kama zimepigwa rula. Binti alifungua, akaniangalia, akasogea upande mmoja tu wa mlango, nikapita kwa ubavu. Mzee alikuwa kwenye kiti, mkono umefungwa plasta, juu ya jicho nyuzi bado hazijatolewa. Nilimwamkia, na kabla sijataja mimi ni nani akasema sauti hii anaijua.

Nikamweleza kila kitu, sikupunguza. Sikutaja chaja wala mkwaruzo, maana havikuhusika. Binti alikuwa amesimama nyuma ya kiti chake, ameshika egemeo kwa mikono miwili.

Mzee akasema, "Daktari nilimwogopa. Wewe nilikuamini kwa sababu ulisema kama tunavyosema nyumbani."

Nilitarajia anitukane au anisamehe, nimejiandaa kwa yote mawili, lakini hakufanya lolote. Alimwambia binti yake alete dawa. Binti akaleta boksi mbili, akaziweka kwenye stuli mbele yangu, akachukua kalamu. Mzee akaniomba nimwambie sasa, neno kwa neno, daktari alisema nini siku ile.

Nilisoma karatasi ya daktari aliyonipa msimamizi. Nikaisoma tena. Nikamwambia: hivi vyeupe acha kabisa, usimeze tena, hivi vipya kimoja, asubuhi. Binti akaandika kwa herufi kubwa juu ya boksi. Mzee akarudia yote kwa sauti yake, polepole, kidole kikigusa boksi moja kisha nyingine, naye akaniuliza kama amepatia.

Nikamwambia amepatia.

Dada, najua jina lako ndilo lililonipa kile kiti, na kwamba wapo watakaokuuliza. Kama una hasira niandikie hasira, nitaisoma. Nilitaka tu uyapate kutoka kwangu, tena yote.

Mfikishie shemeji heshima zangu. Wabusu wanao kila mmoja kwa zamu yake, na mgongo uupumzishe. Wote wa huku wanaoniuliza habari zako wanakusalimu.

Ni mimi mdogo wako,
Kitindamimba