Kocha Aliyekataa Kupigwa Picha

Richfield, Minnesota

Mjukuu wangu Zuhura,

Sisi huku tupo. Shangazi yako yuko kazini, nami nashinda nikisikiliza ndege zikipita juu ya paa. Habari za msiba wa Salehe, golikipa wetu, zimenifika. Katika ile picha ya timu niliyokuachia, sasa nimebaki mimi tu.

Unauliza kwa nini kocha wetu Mromania hayumo. Ni yeye aliyeipiga. Tulimsihi asimame nasi, akachukua kamera kwa mpiga picha, akatuambia tutulie. Tulidhani ni maringo. Jioni, nikimsaidia kukusanya mipira, akaniambia kwa Kiswahili chake kibovu: “Mimi kijana, cheza mpira, piga picha na timu. Halafu vita. Mimi rudi. Wao hapana.” Akafunga gunia la mipira, tukaondoka.

Jumapili shangazi yako alitupanga kwenye theluji, watoto mbele, akaniwekea kiti katikati. Nikamwambia anipe kamera.

Picha yenyewe nimeitia humu kwenye bahasha. Usiniulize kwa nini simo.

Babu yako,
Omari